Funguo za nyumba bado ninazo mimi

Mwanangu wa pili ana miaka 28. Alianza na bangi, akaingia kwenye kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga wa heroini, mwisho akawa mtu wa unga kabisa, na mimi niliyemzaa nikawa wa mwisho kuliona. Tunakaa Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba yao. Ina vyumba sita, vinne nimepangisha. Kodi hiyo ndiyo inatulisha.

Vitu vilianza kupotea kidogo kidogo: sufuria, redio, mabati mawili yaliyobaki tulipoezeka choo. Kisha akabeba mtungi wa gesi wa mpangaji, dada wa watu mwenye mtoto mchanga. Nikamlipa yule dada, nikanyamaza. Nililipa na madeni yake ya kijiweni, simu yake nikaikomboa mara mbili. Nilijiambia namwokoa, kumbe unga wenyewe nilikuwa naununua mimi.

Siku moja usiku nikamfukuza kwa hasira. Siku ya tatu mvua ikanyesha, nikajitanda khanga na kwenda kumtafuta upande wa soko la Majengo, nikamrudisha kwa mkono wangu. Akajua kwamba neno la mama linadumu siku tatu. Katika yote, hilo ndilo ninalolijutia zaidi: kuweka sharti ambalo moyo wangu haukuweza kulibeba.

Mara ya pili sikungoja nikasirike. Nilivizia siku ambayo hasinzii wala hana arosto, yale maumivu ya kukosa unga, nikamwita kaka yangu awe shahidi. Nikasonga ugali wa uwele, nikapika mlenda, tukala kwanza. Ndipo nikasema:

"Baba, chakula chako kipo siku zote. Hela mkononi sikupi tena, hata ya vocha. Madeni yako silipi. Utalala chumba cha uani, na geti nafunga saa nne usiku. Ukigusa kitu cha mpangaji, naenda kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo. Sasa nipe funguo za nyumba."

"Mama, unaniita mwizi mbele ya mjomba?"

Sikumjibu, nilikinga mkono tu. Aliziweka juu ya sahani yenye makombo ya ugali, akatoka.

Wiki ya pili akagonga geti saa saba usiku. Akalia, akaniita kwa jina la babu yake, akasema anakufa. Nikachungulia dirishani: amesimama wima, maneno yake yananyooka. Nikamwambia nitafungua saa kumi na mbili, uji utakuwa tayari. Kisha nikakaa kitandani nimeshika magoti hadi adhana ya alfajiri. Sijawahi kuumia namna ile, hata msibani kwa baba yao sikuumia hivyo. Asubuhi alikunywa uji vikombe viwili bila kunitazama.

Kilichonisumbua kuliko yeye ni ndugu. Mdogo wangu alikuwa anamtumia buku mbili, buku tatu kwenye simu, kwa huruma. Nilimfuata hadi Nkuhungu, nikamweleza nimelala macho usiku mangapi. Nikamwambia ukiwa na hela ya kumpa, mnunulie sabuni au viatu. Alininunia mwezi mzima. Viatu alileta.

Kama miezi miwili baadaye mwanangu akaja jikoni akasema, "Mama, nimechoka." Mjomba wake akapiga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, nasi tukaishia Itega, kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu watu wa unga. Majirani walishaniambia hiyo dawa ni unga wa serikali. Muuguzi alinieleza taratibu: mgonjwa anainywa kila siku mbele ya mhudumu, inazuia arosto kwa siku nzima, na Muhimbili ilianza kutolewa tangu 2011. Nauli simpi mkononi. Namlipa kijana wa bodaboda wa jirani kila Jumatatu kwa wiki nzima.

Muuguzi huyo alinionya pia jambo ambalo kila mzazi angepaswa kulijua. Mtu aliyekaa muda bila unga, akirudi na kiasi kilekile cha zamani, anaweza kufa palepale, kwa sababu mwili umeshausahau. Niliporudi nyumbani nikaongeza sharti, safari hii la kwangu mimi: akiteleza akaniambia, simfukuzi wala simtukani. Ninachotaka ni kujua. Ameteleza mara mbili, na mara zote mbili alikuja mwenyewe kusema.

Sasa ni mwezi wa saba tangu aanze dawa. Yule dada wa mtungi wa gesi bado ni mpangaji wangu, na siku hizi mwanangu humbebea ndoo za maji. Wiki iliyopita aliniomba ufunguo wa nyumba. Nikamwambia bado. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama maharage yameiva.