Tulivyochagua Tanga kuwa pwani yetu ya kustaafia

Ukikaribia kustaafu kila mtu anageuka mshauri wako. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi mikoa ya Iringa na Njombe miaka yote ya ajira yangu, na mwaka ule wa mwisho kabla ya kufikisha miaka 60 haikupita wiki bila mtu kunipangia cha kufanya na kiinua mgongo changu. Rudi Makete ujenge kwenu. Nunua fremu Makambako upangishe. Niliposema mimi na mume wangu tunataka kuhamia pwani, ushauri ukageuka vitisho: pwani kuna wachawi, joto litakupandisha presha ufe, hutapata mtu wa kukuzika. Wengi waliosema hivyo hawajawahi kulala Tanga hata usiku mmoja. Halafu wapo wa upande wa pili, wanaokwambia pwani ni pwani tu, kanunue popote penye mchanga mweupe kabla hapajaisha. Hao wamewatia hasara wastaafu wenzangu kuliko wachawi wote wanaosimuliwa, na ndio walionifanya niandike.

Sababu yetu ilikuwa baridi. Aliyekaa Makete mwezi wa sita na wa saba anajua: unaamka nyasi nyeupe kwa sakitu, na mikono haishiki kikombe mpaka chai ianze kuipasha. Nina baridi yabisi ya magoti. Joto haliiponyi, nalijua hilo kwa kazi yangu, lakini kule juu nilikuwa nahitaji karibu saa nzima kila asubuhi ili niweze kutembea kama mtu, na kila nilipokwenda Dar es Salaam kwa mtoto wetu saa hiyo ilipungua ikawa dakika chache. Kwangu hilo lilitosha.

Tuliandika majina manne kwenye daftari: Bagamoyo, Mikindani, Pangani, Tanga.

Bagamoyo ilitoka mapema. Ni mji mzuri na Dar es Salaam ni karibu, ila tangu habari za bandari kubwa zianze kuvuma viwanja vyake vinatajiwa bei ambazo pensheni ya muuguzi haizisogelei. Mikindani kwa uzuri wa macho inazishinda zote. Ghuba imetulia, nyumba za mawe za zamani, na Mtwara mjini ni kilomita kumi hivi, ambako kuna hospitali ya rufaa ya Ligula. Kilichotushinda ni njia. Ni zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar es Salaam, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga magari yakalala njiani. Watoto wetu wako Dar es Salaam na Iringa. Mtu mwenye umri wetu anahitaji mahali ambapo mwanawe akipigiwa simu usiku, kesho yake amefika. Aliye na ndugu zake Lindi au Masasi atapiga hesabu tofauti na yangu, na atakuwa sahihi.

Zikabaki Pangani na Tanga, na hapa nieleze kwa kirefu.

Kwanza, msimu. Watu wa bara tuna tabia ya kwenda kuitazama pwani Julai au Agosti. Wakati huo kusi, upepo wa kusini, inavuma, usiku unajifunika shuka, mbu wamepungua, na kila kiwanja kinaonekana pepo. Mimi nilikataa. Tulikwenda mwishoni mwa Februari, kaskazi, upepo wa kaskazini, imeanza kuchoka na masika hayajaingia, jua linawaka mpaka mbwa hawatoki uvunguni. Mahali utakapopapenda Februari, Julai hapatakushinda.

Pangani tulipokewa na dalali, kijana mchangamfu mwenye pikipiki, akatupeleka kwenye kiwanja nje kidogo ya mji. Minazi, upepo, bahari ipo pale mbele. Kisima kimo ndani ya kiwanja; akateka maji, akanipa, nikanywa, matamu kabisa. Bei haikuwa mbaya, milioni kumi na kitu, na alitaka tutoe kishika uchumba siku hiyohiyo kwa sababu eti kuna mzungu amekwishapiga simu. Mume wangu alikuwa ameanza kupapasa mfuko.

Karibu na pale alikuwapo bibi mmoja anakaanga samaki. Nilikwenda kununua, nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukaanza kuzungumza. Nikamwambia tunataka kununua hapo jirani. Akatazama bahari, akaniambia: “Mwanangu, mmekuja maji mafu. Rudini bamvua, mwezi ukiwa mpevu, muone bahari inafika wapi na kisima kinasemaje. Kisha mtoe hela yenu.”

Sisi wa milimani hatukuijua kalenda hiyo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu bahari hupanda sana na kupwa sana, hiyo ndiyo bamvua. Katikati ya hapo maji husogea kidogo tu, na ndiyo maji mafu. Dalali anaijua vizuri. Tukamuaga kijana kwa adabu, tukakodi chumba gesti mjini, tukausubiri mwezi.

Siku ya bamvua nilikwenda na zana zangu: dumu la lita tano, kipande cha sabuni ya mche, sufuria, na maharage niliyobeba kutoka Njombe, ambayo najua kwa maji ya nyumbani yanachukua muda gani kuiva. Mume wangu alibeba kamba aliyoipiga mafundo kila baada ya mita tano. Pwani yetu hii maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi jioni, basi tukafika saa tisa tukakaa chini ya mwembe. Maji yakaanza kupanda taratibu. Yakaufikia mchanga mkavu, yakapita, yakaingia kwenye magugu, na saa kumi na kidogo yakalamba shina la mnazi uleule ambao dalali alituonyesha kuwa ndio mpaka wa kiwanja. Mume wangu akafunga kamba pale, akarudi nayo nyuma akihesabu mafundo kwa sauti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Fundo la kumi na mbili lilipita mahali ambapo tulikuwa tumeshapanga kuweka sebule, likapita jiko, likaishia karibu na njia ya nyuma. Kilichobaki cha kujenga hakikutosha banda la kuku na choo chake.

Kisha kisima. Niliteka dumu, nikapaka sabuni mikononi: povu hakuna, inateleza tu na kuacha utando. Maharage niliyabandika kwa bibi yuleyule, akanipa nafasi kwenye jiko lake, yakachemka mpaka magharibi na ganda bado gumu. Chai ilikuwa ya chumvi. Bibi akaniambia kisima hicho kila mtu pale anakijua, masika ni kitamu, kiangazi bamvua ikijaa unafulia tu, na kufulia kwenyewe kwa shida. Ndivyo visima vya kando ya bahari vilivyo: maji ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, mvua ikikatika na watu wakiteka sana, chumvi inapanda. Kwa mtu mwenye presha, kama nilivyo mimi, kuishi kwa kisima hicho ni kunywa ugonjwa kila siku.

Ningekuwa na uwezo ningemjengea bibi yule jiko jipya. Nilimletea gunia la viazi vya Njombe, na hadi leo tunapigiana simu.

Pangani sikuiacha kwa sababu ya kiwanja kimoja. Niliipenda mno, mto unavyoingia baharini pale mjini, na watu wake wana salamu. Lakini nimefanya kazi wodini, nikifika mahali naangalia kwanza mgonjwa wa usiku atapitia wapi. Wengi wanaotafuta utulivu wanapelekwa upande wa Bweni, ng'ambo ya mto, na tulipokwenda sisi daraja lilikuwa bado linajengwa, watu wanavuka kwa kivuko. Ukipata kiharusi saa nane usiku, kila dakika ni sehemu ya ubongo wako. Daraja na barabara ya lami vikikamilika wenye kuja baada yetu wataitazama Pangani upya, na ningefurahi wafanye hivyo.

Tanga tulianza kwa kupanga. Nalisisitiza hili kwa sababu watu walitucheka, eti mstaafu anapanga chumba. Tulichukua vyumba viwili na ukumbi Sahare, kama laki na nusu kwa mwezi, tukakaa kuanzia jua la Machi mpaka masika yote. Ndani ya muda huo unaona njia ipi inajaa maji, umeme unakatika mara ngapi, jirani gani anapiga muziki. Kwa bajaji, hospitali ya rufaa ya Bombo ni mwendo mfupi. Nilikwenda mwenyewe kliniki ya presha, nikaonana na daktari. Alinibadilishia dozi, kwa kuwa ile dawa ya kukojoza maji niliyokuwa nikitumia kwenye baridi, kwenye joto ilikuwa inanikausha na kunitia kizunguzungu. Wenye presha mnaohama kutoka milimani, msisubiri kuanguka ndipo mkaulize.

Na malaria. Makete mbu wa malaria ni wachache, miili yetu haijaizoea malaria. Mume wangu aliugua mapema tu, tukapima, akatibiwa, akapona. Wavu madirishani na chandarua kitandani kila usiku, hata ukisikia joto. Nimewahudumia wengi walioudharau ushauri huo.

Maji Sahare yanatoka bombani. Chanzo chake ni bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na mamlaka ya maji ya Tanga ndiyo iliyouza hatifungani ya kijani, yaani kukopa kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, mwaka 2024 kupanua huduma, zaidi ya shilingi bilioni 50. Kwangu mimi mji unaohangaikia maji yake kiasi hicho ni mji wa kuzeekea. Maharage ya Njombe yameiva pale kwa muda wake wa kawaida.

Kuhusu watu, Ramadhani ilitukuta bado ni wageni. Sisi ni Walutheri. Siku ya kwanza jioni mtoto wa jirani aligonga, kabeba sinia limefunikwa kawa: mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga. Akasema, “Shikamoo bibi, mama kasema mfuturu na nyie.” Iliendelea hivyo mwezi mzima, sinia likirudi na nilichopika mimi. Nilipougua mgongo, wanawake wa mtaa walipeana zamu kunichotea na kunipikia bila mimi kumwomba yeyote. Hao ndio wale niliotishiwa kuwa wataniloga. Inaniuma sana nikisikia mtu mzima anawasema hivyo watu asiowajua.

Kiwanja tulikuja kukipata tukiwa hapohapo, kwa kuambiwa na jirani, bila dalali. Hakiko ufukweni, unatembea robo saa kufika baharini, na tulitaka hivyohivyo. Upepo unafika lakini chumvi inapungua. Nenda katazame nyumba za mstari wa mbele zilizojengwa miaka kumi iliyopita: bawaba za milango zimeliwa, bati limetoboka kwenye misumari, na kwenye lenta juu ya madirisha zege limepasuka nondo inachungulia, nyekundu kwa kutu. Kiwanja chetu kimepimwa, na tuliomba ardhi wathibitishe jina la mwenye hati kabla ya kulipa. Kuna ofisi moja ilituzungusha njoo kesho njoo kesho mpaka mume wangu akahamishia kiti chake pale mlangoni na gazeti, kila asubuhi, ndipo barua ikapatikana. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa peke yake msiikubali, hata akiileta shemeji yenu.

Sasa nyumba imefika kwenye lenta. Madirisha makubwa tumeyaweka pande mbili zinazoelekeana, moja lipokee kusi na jingine kaskazi, maana feni kutwa nzima pensheni haiwezi. Fundi alitaka kutumia mchanga wa pwani kwa kuwa ni rahisi na uko jirani. Nikamkatalia kwa ajili ya chumvi, tumeleta wa mtoni, gharama imeongezeka laki kadhaa. Wiki ijayo yanakuja matofali ya baraza, na jirani yangu wa sinia ameshaniambia baraza lisipungue upana wa mkeka mmoja na nusu, la sivyo wageni wa jioni hawataenea.