Kabla ya kufuta, soma logi

Hapa Lubumbashi lojisiele (programu za kompyuta) nyingi za madepo ya dawa, kantini na ofisi za transiteri (watu wa kutoa mizigo ku forodha) si za kununua ku mtandao, ni kijana fulani alimtengenezea mukubwa fulani, fakitire na stoki ndani, inatembea vizuri miaka na miaka, mpaka siku ya kubadilisha vesioni. Hapo ndipo wananiita, na karibu kila mara nakuta mtu ameshaanza kufuta: ameingia mu Program Files akatoa dosie nzima, akaingia mu rejistri (mahali Windows inaandika mipangilio ya kila programu) akatoa kila mstari wenye jina la lojisiele, na Windows bado inamwambia ile kitu iko. Jamani, logi kwanza, ile fishie (faili) ambamo Windows inaandika kila hatua ya instalasioni.

Kama instalasioni ni fishie ya .msi, ile paketi ambayo Windows Installer inaifungua kuweka programu, fungua dirisha la komandi kama administrateri uandike msiexec /i depo.msi /l*v C:\Temp\logi.txt, na hiyo dosie Temp uitengeneze mwenyewe mbele. Kosa 1603 linatisha watu bure, lenyewe linasema tu kazi imefia njiani. Sababu iko mu logi: tafuta "Return value 3", ku Windows ya Kifaransa tafuta "Valeur renvoyée" yenye 3, halafu panda mistari kidogo, kilichogoma kiko pale juu.

Juzi ku depo moja vesioni mpya ilikuwa inakataa na kosa 1714, maana yake ya zamani haitoki, na ndani ya logi kulikuwa na 1612, maana yake Windows inatafuta fishie ya asili na haiioni. Nikajua. Windows ikiinstale .msi inaficha kopi yake mu C:\Windows\Installer kwa jina la ajabu-ajabu, na kopi hiyo ndiyo inatumia kurekebisha na kudezinstale. Mtu alikuwa amesafisha diski, akaona dosie nzito imefichwa, akaifuta. Musiifute ile dosie, tafadhali, hata diski ijae namna gani!

Mama mwenye depo hakuuliza habari za kosa, aliniuliza tu, "Mwanangu, madeni ya bakliya (wateja) yangu yako salama?" Na hilo ndilo swali lenyewe. Tulikopi baze ya data kwanza ku diski ya nje, tukaifungua ku mashini ingine kuhakikisha, ndipo tukagusa kitu. Kisha tukampigia kijana aliyeiandika, leo anaishi Kolwezi, atume .msi ileile aliyoinstale zamani. Kuikompile upya si njia nzuri, kodi ya paketi (namba ya kutambulisha fishie ile) inabadilika, na ukiinstale kawaida kwa /i Windows inakataa na 1638. Alikuwa ameitunza, Mungu ambariki. Nikaandika msiexec /fv na njia ya ile fishie, kopi ikarudi mahali pake, vesioni ya zamani ikatoka na mpya ikaingia.

Sasa ninyi munaotengeneza, nawaomba sana: tunzeni kila .msi munayompa kliya. UpgradeCode, namba ya familia nzima ya programu, isibadilike kamwe, ProductCode, namba ya vesioni yenyewe, ibadilike kwa kila vesioni kubwa. Namba ya nne ya vesioni Windows Installer haiiangalii, ukitoka 2.1.0.3 kwenda 2.1.0.4 kwake ni kitu kimoja, unabaki na lojisiele mbili ku orodha na kliya anakuita usiku. Vilevile kama ya zamani iliingia kwa mtumiaji mmoja na mpya inaingia kwa mashini nzima, hazionani. Na baze ya data ikae mu ProgramData, isikae pamoja na programu.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, washa mashini, ngoja itulie. Ukipata 1618 ni kwamba kuna instalasioni ingine inatembea bado, pengine ni programu ingine inajipandisha yenyewe, iache imalize ndipo uanze yako, na logi uiwashe tangu mwanzo.