Mtani wa mama na miezi ya kiharusi

Mama yangu alipopata kiharusi, upande wake wote wa kulia ulilegea na maneno yakamkwama kinywani. Baada ya wiki mbili za kulazwa tulirudi nyumbani Mbagala tukiwa na dawa za presha, karatasi ya mazoezi ya viungo, na maelezo kwamba miezi ya mwanzo ndiyo inayomfaa zaidi mgonjwa anayejizoeza. Maelezo hayo yaliniondolea usingizi, kwa sababu mama hakutaka kujizoeza. Nilipomnyanyua mkono alifumba macho, na nilipomwomba alitamke jina langu aligeukia ukutani. Wageni walikaa mkekani wakinong'ona, wakatoa pole na kutikisa vichwa, na kila walipoondoka nilimkuta amezama zaidi.

Nilikuwa nimesikia kwamba kicheko humsaidia mgonjwa, kwa hiyo nilianza kumwekea vichekesho kwenye simu wakati nikipika. Alivitazama kidogo, kisha akaisukuma simu kwa mkono wa kushoto. Baadaye nilisoma kwamba Robert Provine, mtafiti wa Marekani aliyechunguza jinsi watu wanavyocheka katika maisha ya kawaida, alikuta kuwa mtu hucheka takriban mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Mimi nilimwachia mama kicheko akicheke peke yake chumbani, na sikuona kosa langu lilipokuwa.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, mama wa Kizaramo wa rika la mama yangu. Mama ni Mnyamwezi wa Tabora, na makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakikatiza Uzaramo kuelekea pwani na kutozwa hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi ya watu. Jirani huyo alikuwa safarini mama alipougua. Siku aliyorudi aliingia bila kupiga hodi, akasimama mbele ya kitanda, akautazama ule mkono uliolala juu ya kanga, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Wewe Mnyamwezi, babu zako walibeba meno ya tembo kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, wewe leo kijiko kimekushinda?"

Nilishtuka, nikataka kumsihi atoke nje. Kabla sijafungua mdomo niliona shavu la kushoto la mama likipanda, jicho likajaa machozi, na kicheko kikamtoka kwa mikupuo mifupi kama mtu anayekohoa. Kisha akahangaika na ulimi wake muda mrefu, sisi sote tukisubiri, hadi yakatoka maneno mawili: "Hongo... tulilipa." Hayo ndiyo maneno ya kwanza yaliyopangika tangu augue. Sisi wengine tulikuwa tukizungumza na ugonjwa wake, lakini mtani alizungumza naye mwenyewe, tena kwa namna iliyomdai jibu.

Tangu siku hiyo niliupangia utani nafasi yake katika matunzo. Nilimwomba jirani awe anakuja saa kumi jioni, wakati wa mazoezi, kwa kuwa kuunyoosha mkono kulimuumiza mama sana begani. Walianza kutaniana, na kicheko kilipopamba moto ndipo nilipoanza kuunyoosha mkono, na aliyekuwa akigoma baada ya mara tatu alifika mara kumi. Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walipima jambo linalofanana na hili, wakaona kwamba watu waliotoka kucheka kwa dhati walistahimili maumivu zaidi kuliko wasiocheka, na wao wanalihusisha na endofini, kemikali ya mwili inayopunguza maumivu.

Dawa hazikuachwa hata siku moja, na ninalisisitiza hilo kwa sababu wapo walionishauri vinginevyo. Kicheko chenyewe pia kilihitaji uangalifu. Nilipompima presha mara tu baada ya kucheka niliikuta juu, nikaogopa, kumbe ndivyo inavyokuwa kwa muda mfupi, na anayetaka kipimo cha kweli amwache mgonjwa atulie walau dakika tano. La hatari zaidi lilikuwa chakula. Siku moja alichekeshwa akiwa na uji mdomoni, akapaliwa vibaya hadi macho yakamtoka, na kuanzia hapo nikapiga marufuku utani wowote bakuli likiwa mkononi.

Kisha kikaja kicheko kingine. Tuliletewa habari ya msiba wa ndugu, na mama akacheka bila kuweza kujizuia, huku macho yake yakionyesha uchungu mtupu. Ndugu wengine walikasirika. Daktari alitueleza kwamba kiharusi kinaweza kuharibu sehemu za ubongo zinazodhibiti kucheka na kulia, hivyo uso hucheka bila moyo kushiriki, na kwamba ipo dawa inayosaidia. Nilizikumbuka habari za wasichana wa shule ya Kashasha, mkoani Kagera, walioshikwa na kicheko na kilio mwaka 1962 hadi shule ikafungwa, na madaktari wasione maambukizi yoyote. Hakuna aliyesema wasichana wale walikuwa na furaha. Niliwaeleza ndugu, wakaelewa, na jirani akajifunza kunyamaza na kumshika mkono kicheko cha namna hiyo kilipomjia.

Mwezi wa saba jirani aliugua malaria. Mama alidai kwenda kumwona, umbali wa nyumba nne, kwa mkongojo na mimi nikiwa ubavuni. Tulisimama mara tatu, na njia nzima alikuwa akirudia sentensi moja kwa sauti ya chini, akiyanyoosha matamshi, ili akifika mlangoni asiikosee: "Mzaramo, amka, msafara umefika, njoo uchukue hongo yako."