Siku moja kati ya piano na upinde

Saa kumi na moja alfajiri. Durban bado giza. Naweka impepho kwenye kigae, majani makavu yenye moshi mzito, nawasha, kisha nawataja wazee wa ukoo wa baba kwa majina yao ya sifa, izithakazelo. Nikikosea naanza upya, na leo nimeanza upya mara mbili. Wazulu huwaita wazee hawa amadlozi. Bibi yangu wa Morogoro angesema mizimu, halafu angeniuliza kama naswali siku hizi. Baba alikuwa mkimbizi wa Afrika Kusini pale Mazimbu, Morogoro, kwenye shule ya Solomon Mahlangu ya ANC, chama cha ukombozi cha kwao, akamwoa mama hukohuko. Shule ilipofungwa mwaka 1992 tukaja huku, mimi nina miaka saba na Kizulu sijui hata neno.

Saa moja. Uji, sare za watoto, kiatu kimoja hakionekani. Tupite.

Saa tatu. Nakaa kwenye piano. Pembeni nimeegemeza umakhweyana, upinde wa waya mmoja wenye kibuyu. Waya umevutwa kwa kitanzi karibu na katikati, kwa hiyo ukiugonga kwa kijiti unatoa sauti mbili. Ukiubana kwa kifundo cha kidole, unapata ya tatu. Mdomo wa kibuyu unauziba na kuuzibua kifuani, na hapo ndipo visauti vya juu vinachomoza, kama mtu anaimba chumba cha pili. Piano haina kifua, na hilo limenisumbua miezi mitatu. Mkono wa kushoto nimeufunga kwenye sauti zile mbili tu. Wa kulia unatafuta yule anayeimba chumba cha pili. Leo nimempata kidogo, kisha akapotea.

Saa nane mchana, mwanafunzi wangu. Namsikilizisha Bheki Mseleku, mtoto wa Durban hii hii, aliyejifundisha piano mwenyewe na mkono wa kulia ukiwa umepoteza ncha za vidole viwili. Akasikiliza, akaniuliza:

"Baba, yule mpiga piano, Nduduzo Makhathini, ni sangoma. Wewe je?"

"Mimi si sangoma, si mganga wa jadi."

"Sasa impepho ya nini?"

Swali zuri. Kuna wanaoutundika moshi jukwaani kama taa za rangi, nami sitaki kuwa mmoja wao. Nikamwambia nawasalimia wazee kwanza, ndiyo naanza kazi. Hakuridhika. Hata mimi sikuridhika sana.

Saa mbili usiku, onyesho. Piano ya ukumbi ina kibonyezo kilichonata, nacho ni cha sauti moja kati ya zile mbili zangu! Nikahamisha wimbo mzima nusu sauti juu bila kumwambia mpiga besi. Alinitazama kama nimemkopa hela. Baada ya mapigo manane akanidaka, tukaenda.

Saa sita usiku. Nafuta jivu kwenye kigae. Kwenye simu kuna ujumbe wa sauti kutoka Morogoro: "Mwanangu, umekula?"

Sijala.