Nguo ya fatiki

Mdogo wangu kamaliza fomu six, kapangiwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), jana usiku kanitumia ile orodha ya vifaa: bukta ya bluu iliyokolea, mpira kiunoni, isiwe na zipu, mfuko mmoja nyuma, ifike magotini, fulana ya kijani, raba. Kuisoma tu nikawa nimesharudi kambini Ruvu, 2014.

Mujibu wa sheria, yaani yale mafunzo ya JKT ya wanaomaliza fomu six, ndo ulikuwa umerudi mwaka mmoja nyuma, ulisimama tangu 1994, kwa hiyo kaka zetu hawakuwa na la kutusimulia. Nilienda na kitu kimoja kichwani, kombati, ile sare ya jeshi ya mabaka. Nilijua nikishuka tu kwenye gari navalishwa. Wapi! Ni bukta na fulana kila siku ya Mungu, alfajiri chenja, zile nyimbo za mchakamchaka, halafu kwata, mazoezi ya gwaride, halafu fatiki, yaani zile kazi za mikono zisizo na silaha, kufyeka, kulima, kuzibua mitaro, na nguo unayofanyia hizo kazi ndo nguo ya fatiki.

Siku moja mvua imepiga usiku kucha, mtaro nyuma ya jiko umeziba, unanuka. Tumepewa majembe tunauzunguka tu, kila mtu anamsubiri mwenzake. Afande hakufoka. Akaingia mwenyewe, akapiga magoti kwenye tope, mikono mpaka viwikoni, anavuta majani na kuyatupa pembeni. Nilikuwa karibu naye kabisa, ile kombati yake nikaiona vizuri, mabaka yamepauka hata huwezi kuyatofautisha, kola imekatika nyuzi, goti la kulia lina kiraka kilichoshonwa kwa mkono na uzi mweusi, mishono midogo imebanana, unaona kabisa kashona mtu mwenye subira. Akasema bila kutuangalia, "Kuruta, hii ndo ya kazi. Ya gwaride iko nyumbani, imepigwa pasi."

Tukaingia wote.

Kombati na sisi tulikuja kuvaa karibu na kufunga mafunzo, tulipendeza jamani, wazazi wakapiga vigelegele.

Agosti 2023 jeshi lilipowapa raia siku 7 wasalimishe sare, watu wengi walilalamika, nguo tu hiyo, ina nini? Niliandika jibu, nikafuta, nikaandika tena. Ninachokiheshimu mimi hata siyo yale mabaka, ni lile goti, na mpaka leo sijui mtu ambaye hakuwepo pale mtaroni namwelezaje.