Mjusi wa Tendaguru aliyerudi Lindi kwa posta

Mwaka 1990 mjomba wangu alikuwa masomoni Leipzig, Ujerumani Mashariki ya wakati ule, na barua zake zilipitia sanduku la posta la shule aliyokuwa akifundisha baba pale Lindi mjini. Yaliyoandikwa ndani yalikuwa ya wakubwa. Mimi nilisubiri bahasha. Nilikuwa darasa la sita na stempu zilishanikolea: kila mwenye ndugu nje ya nchi, mtaani kwetu Mikumbi hadi Ndoro, alikuwa ananijua kwa usumbufu.

Kuzibandua nilijifunza mwenyewe, baada ya kuharibu nyingi. Unakata kipande cha bahasha kuzunguka stempu, ukikaa mbali na yale meno ya ukingoni, maana stempu iliyong'oka jino haina heshima tena. Unakiacha kielee juu ya maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, kisha unatulia. Gundi ikilegea, inateleza yenyewe. Ukiivuta kwa pupa inachunika mgongo. Halafu unailaza kifudifudi juu ya gazeti, na ikishakauka unaibana ndani ya kamusi. Mama alikwisha kata tamaa na bakuli lake la mchuzi.

Siku hiyo barua ilipofika, babu mzaa baba alikuwa kwetu. Alikuwa ametoka kijijini kufuatilia fedha zake za korosho, na kwa kuwa fedha hazikutoka, alikuwa amekaa barazani akiwa hana hamu na mtu. Mimi nilikuwa nimekwisha shika mkasi. Stempu ya safari hii ilikuwa na mifupa mitupu: mnyama wa shingo ndefu, kasimama kwa miguu minne, na herufi DDR, yaani Ujerumani Mashariki. Nilikuwa nimezoea maua na viongozi, kwa hiyo nikaenda kumwonyesha babu nikitaka acheke kidogo.

Hakucheka. Aliisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Huyu si mjusi wa Tendaguru?"

"Babu, hii imetoka Ujerumani."

"Ndiko walikompeleka. Baba yangu alikuwa mpagazi wao."

Nikaweka mkasi chini. Babu akaeleza alivyosimuliwa na baba yake: Wajerumani walichimba kilimani Tendaguru mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, ikafungwa kwa mianzi na udongo ili isivunjike njiani, na watu wakaibeba vichwani na mabegani mwendo wa siku nne hivi hadi bandarini Lindi. Mfupa mmoja mkubwa ulihitaji kundi zima la wanaume. Wapagazi waliimba, alisema, na akaanza kuimba kipande kwa Kimwera, kisha akasahau katikati, akakasirika mwenyewe.

Baadaye sana nilisoma na kukuta mzee hakuongeza chumvi. Uchimbaji ulikuwa kati ya 1909 na 1913, na zaidi ya tani 200 za mifupa zilisafirishwa. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa mwenzetu, Boheti bin Amrani. Mjusi mmoja wa shingo ndefu, Brachiosaurus, alisimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin mwaka 1937, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13, na yupo mpaka leo. Bungeni wamewahi kumzungumzia arudishwe. Babu angewapigia makofi.

"Sasa hii unaifanyaje?" akaniuliza. Nikamwonyesha bakuli. Akanitazama kama mtu anayeona ng'ombe akichinjwa kwa ajili ya ngozi. "Umtoe kwenye barua aliyokuja nayo? Wamemchukua kwa vichwa vya watu, leo amerudi kwa posta, wewe unataka kufuta njia yake."

Kwa hiyo bahasha ile sikuikata. Ina anwani kwa mwandiko wa mjomba, muhuri wa Leipzig umeegemea mkia wa mnyama, na alama ya kidole cha babu kilichokuwa na mafuta ya kuchua. Wakusanyaji wazoefu watakwambia hivyohivyo, kwamba stempu ikiwa na bahasha yake na muhuri unaosomeka ina mengi zaidi ya ile iliyooshwa. Mimi nilifundishwa na mkulima wa korosho.

Nikamwandikia mjomba aniletee wenzake, maana zilikuwa stempu tano, wote wanyama wa Tendaguru. Jibu lilichelewa. Nchi ile ilikuwa imekwisha Oktoba, Ujerumani zimeungana, na dirishani posta walikuwa wanauza stempu nyingine. Alipata mbili kwa mwenzake wa bweni, ya tatu nilibadilishana na rafiki miaka mingi baadaye. Bado mmoja wa wale watano, Dysalotosaurus. Si ghali, na mtandaoni ningeipata leo hii. Sitaki. Nataka iliyotumika, ikiwa na bahasha yake, yenye anwani ya mtu.