Gari ya Columbo haikuwa ya maskini

Baba alikuwa fundi wa magari, Kamalondo, hapa Lubumbashi. Siku ya Columbo, ile filamu ya polisi ya televisheni, alifunga garaji mapema, akasugua mafuta ya mikono kwa sabuni ya unga, na mama akapakua bukari na sombe kabla muziki wa mwanzo haujalia. Muuaji tulimwona tangu dakika za kwanza, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani kaua. Tulingoja kuona yule inspekta wa koti lililokunjamana atamnasa vipi. Baba yeye alikuwa anangoja gari.

Lupango nzima, yaani wote wa uani kwetu, ilicheka ile Peugeot ya Columbo: rangi imepauka, inakohoa, na mwenyewe ni polisi wa Los Angeles! Baba hakukubali. "Hiyo ni 403 ya paa la kukunja," alisema, kila mara kwa sauti ileile. "Si gari ya maskini. Hamjui munachokitazama." Za kawaida, zenye paa la bati, alizifungua injini mpaka akachoka. Ya paa la kukunja hakuigusa hata moja maisha yake yote.

Ni mwaka huu ndipo nimesoma habari zake. Kati ya 1955 na 1966 Peugeot ilitengeneza 403 zaidi ya milioni moja, lakini zile za wazi zilikuwa kama 2,000 tu. Elfu mbili kwa dunia nzima! Nilitamani nimpigie baba simu. Ni miaka sita sasa tangu tumzike.

Tena gari hiyo aliichagua Peter Falk mwenyewe, mwigizaji wa Columbo, katika garaji ya studio ya Universal, kati ya nyingi alizoonyeshwa. Koti nalo lilikuwa lake. Alilinunua New York kwa dola 15 siku mvua ilipomkuta njiani, na nguo za inspekta zilipotafutwa, akalitoa kabatini kwake. Waandishi Richard Levinson na William Link ndio waliomtunga Columbo, na kabla ya Falk walimtaka mwimbaji Bing Crosby, akakataa. Namshukuru kwa kukataa. Crosby angevalishwa nguo za studio, apewe gari ya studio, na baba angekwenda kulala mapema.

Mbwa wa Columbo, kinyume chake, Falk hakumtaka. Aliona koti na gari vinatosha. Ila alipoletewa yule basset mzee, masikio yanaburuta, akalegea.

Mama alikuwa na neno lake: "Huyu anatazama kwa jicho moja, lingine linawaza." Kumbe Falk aling'olewa jicho la kulia akiwa na miaka 3 kwa sababu ya kansa, na lile tuliloliona lilikuwa la kioo. Nilipomwambia mama, hakushangaa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mama yake Falk alikuwa hai siku hiyo ya hospitali.

Sasa macho ya mama yenyewe yamefifia, anafuata filamu kwa masikio. Mwezi uliopita mwanangu alipata kwenye simu ile ya 1971 iliyoongozwa na Steven Spielberg, wakati huo kijana wa miaka 24. Tukakaa watatu kitandani kwa mama. Columbo akaingia, akafungua kinywa, akasema Kiingereza, kwa sauti yake mwenyewe Falk, ya kukwaruza. Sisi hapa Lubumbashi tulimsikia miaka yote kwa Kifaransa, kwa sauti ya Serge Sauvion, mwigizaji wa Ufaransa aliyefariki mwaka 2010.

Mama akainua kichwa. "Huyo ni nani?"

"Ni Columbo, mama."

"Hapana, mwanangu. Columbo namujua."

Mwanangu akatafuta ya Kifaransa. Ilichukua muda, mtandao ulikuwa mzito. Sauti ya Sauvion ilipotoka, mama akajilaza tena kwenye mto, akaniambia nimwambie gari ikifika.